Upinde wa Mjukuu Wangu na Fimbo Zake

Fimbo ya mbele ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo, na siku ya kwanza tu ilipoingia nyumbani iliangusha chupa yangu ya chai. Mjukuu wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule, baina ya televisheni na friji, maana nyumba yetu ya Columbia Heights haina katikati nyingine. Amefumba macho, ameuvuta upinde hadi shavuni, mshale hakuna. Akaulegeza taratibu, akageuka anionyeshe ulivyotulia, na ile fimbo ikamfuata, ikapiga chupa, chai ya tangawizi ikaishia zuliani.

"Kweli umetulia," nikamwambia. "Zulia limeona."

"Pole, Bibi."

"Usinipe pole. Lete tambara."

Nimelea watoto saba na nimezika mume, lakini sijawahi kuishi nyumba moja na kitu chenye kero kama ule upinde. Niseme mapema kwamba mimi sikusoma. Chuoni, kwenye Kurani, nilifika juzuu chache nikatolewa kwenda kusaidia nyumbani, na shule ya serikali niliiona kwa nje nikipita na ndoo. Lakini macho ninayo na mdomo ninao, na vyote viwili vilifanya kazi majira yale yote ya joto.

Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu wa tatu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, na akirudi analala. Kwa hiyo msichana nimemlea mimi tangu tulipokuja Marekani kutoka Mombasa, naye akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na kumi na tisa, mrefu, ana mabega, hijabu ameibana kwa pini mbili ili uzi wa upinde usiishike. Kupiga mishale alijifunza shuleni, walikuwa na timu. Wenzake walipomaliza shule waliacha. Yeye akanunua upinde wake mwenyewe, ule wenye magurudumu ncha zote mbili, akaja kuniambia anataka kuwinda kulungu.

Kulungu wa huku si wa mbali. Wanakula maua ya watu. Wamejaa kwenye misitu midogo katikati ya mitaa, magari yanawagonga, na kila mwaka mji mmoja upande wa kaskazini unawaruhusu wawindaji wachache waingie kwenye msitu wao, kwa upinde tu, kwa vile nyumba ziko karibu na bunduki haifai. Lakini hawamruhusu mtu hivi hivi. Kuna mtihani. Unapiga mishale mitano mbele ya msimamizi, kutoka hatua ishirini, na minne lazima iingie kwenye duara la ukubwa wa sahani ya chai. Ukishindwa, rudi mwaka ujao. Na mwaka ujao mjukuu wangu alikuwa anahamia jimbo jingine kusomea uuguzi. Kwa hiyo ni mwezi wa nane ule, au basi.

Hilo lilikuwa lake. Langu lilikuwa mdomo. Asubuhi, sisi akina mama wa pwani tulikuwa tukienda kutembea ndani ya mol ya Roseville kabla maduka hayajafunguliwa, kwa ajili ya magoti. Huko ndiko nilikotangaza kwamba mwaka huu watakula pilau kwangu, pilau ya nyama ya kulungu aliyepigwa na mjukuu wangu wa kike, kwa bismillahi, halali tupu. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwenyewe. Na kuna shoga yangu mmoja, tunajuana tangu usichana, ambaye ukimpa neno moja anakaa nalo mwaka mzima.

"Kulungu hajambo?" aliniuliza kila tulipokutana.

"Hajambo."

"Bado anakula majani?"

"Anajinenepesha kwa ajili yako."

"Mwambie asijisumbue. Mimi nina kuku ndani ya friza."

Tabu yenyewe ilikuwa hivi. Upinde wa mtoto ulikuwa haukai. Kwanza ulikuwa unalalia kulia. Juu ya mpini kuna kidude cha kulengea, na ndani yake kuna pima maji ndogo kabisa, sawa na ile ya waashi: kiputo cha hewa kikiwa katikati, upinde umesimama wima. Kiputo chake hakikujua katikati. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi, na pima maji yake nimeibeba miaka mingi pamoja na chakula chake cha mchana, kwa hiyo nilimwambia mtoto, "Ukuta wako umelala." Akasema anajua. Pili, ulikuwa unatetemeka. Akivuta, mwanzo unasimama vizuri, kisha ncha inaanza kucheza, na mshale unakwenda unakotaka wenyewe.

Tukaenda duka moja la vitu vya kuwindia, Fridley. Nilikuwemo garini kwa sababu alikuwa ananirudisha kutoka kwa daktari wa macho, na sikukubali kungojea nje kwenye jua. Ndani, vichwa vya wanyama vimejaa ukutani, vimekukodolea kama wakwe. Muuzaji alikuwa mzee mweupe mwenye ndevu hadi kifuani. Aliniletea kiti bila kuombwa, na kwa hilo nikamheshimu. Akaushika upinde, akaugeuza, akaeleza, na mjukuu wangu akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Anasema vitu vizito vyote viko kulia. Cha kulengea kiko kulia, podo la mishale liko kulia. Ndiyo maana unaangukia kulia."

"Si ulitoe hilo podo."

"Na msituni mishale nitaweka wapi?"

"Mkononi, kama watu."

Hayo hakumtafsiria mzee. Mzee akaleta fimbo mbili nyeusi, nyepesi, zenye raba kwenye ncha, na juu ya raba kunafungwa vyuma vya mviringo, kimoja juu ya kingine kama sarafu nene. Wao wanaita stebilaiza. Kwangu mimi stebilaiza ni lile sanduku tuliloliweka nyuma ya friji kule Mombasa ili umeme usiiunguze. Hizi ni fimbo. Moja inaingia mbele kwa parafujo na kutangulia kama mdomo wa korongo. Ya pili inarudi nyuma kuelekea nyonga, nayo inapindishwa kidogo kushoto, ishindane na ule uzito wa kulia.

Alipozifunga akamwambia mtoto afumbe macho, avute, atulie anavyojisikia mwenyewe, kisha afumbue atazame pima maji. Akafumbua. Kiputo pembeni. Mzee akaisogeza fimbo ya nyuma kushoto zaidi, upana wa kidole. Vuta tena, fumba, fumbua. Akatoa chuma kimoja mbele akakipeleka nyuma. Mara ya nne kiputo kikakaa katikati na kubaki hapo. Nilikaa kwenye kiti changu nikaona kazi ya fundi.

Basi tukafikiri yamekwisha. Siku hiyo ndiyo chai ilimwagika.

Kulala kulikwisha kweli. Kutetemeka hakukwisha. Kila jioni alikwenda kwenye kiwanja cha bustani chenye mabunda ya nyasi ya kulenga, nami nikaenda naye, nikakaa kwenye kiti cha kukunja nikipambana na mbu. Mshale mmoja katikati, miwili nje. Akasoma kwenye simu kwamba uzito unatuliza mkono. Akaongeza chuma mbele. Akiongeza mbele, upinde unainama mbele, kwa hiyo anaongeza na nyuma. Akiongeza nyuma, unalala kushoto, kwa hiyo anarudi kupindua fimbo. Kila siku anafungua, anafunga, anafumba macho, anafumbua, na mezani kwangu, mahali pa kukandia unga, kumejaa vyuma na viufunguo. Ule upinde ulipotoka dukani ningeuinua kwa mkono mmoja. Ulipofika mwisho wa mwezi wa saba ulikuwa mzito kama mtoto aliyenuna. Na mabega ya msichana yakaanza kuuma. Nilimpaka dawa ya misuli kila baada ya magharibi, nikimlaumu mzee wa duka, nikizilaumu fimbo, nikimlaumu aliyevumbua magurudumu.

Sasa lazima niseme habari ya maneno.

Siku aliponiambia anataka kuwinda, nilikuwa jikoni nakoroga mbaazi, nikamwambia mimi sili mzoga. Katika dini yetu mwindaji akitaja jina la Mungu anapouachia mshale, mnyama ni halali hata akifa kabla kisu hakijamfikia. Hilo nalijua tangu utotoni. Maneno yenyewe nikamfundisha mimi, vile nilivyoyasikia kwa marehemu mume wangu, kila mwaka, goti lake likiwa juu ya mbuzi: Bismillahi, Allahu akbar, Allahumma hadha minka wa laka, Allahumma taqabbal minni. Nikaongeza na kumsalia Mtume, kwa ajili ya baraka. Nikamwambia ayaseme uzi ukiwa umevutwa, si kabla, wala asiyakimbize, maana neno lililomezwa halihesabiwi. Akikosa moja, nyama yake sitaitia mdomoni. Aliyahifadhi siku hiyo hiyo. Nilivimba kichwa, na asubuhi yake ndipo nilipotangaza pilau.

Wiki mbili kabla ya mtihani tulirudi dukani. Nyuma wana ukumbi mrefu wa kujaribia. Mzee akasimama kando, akamtazama akipiga mishale sita. Kisha akasema maneno marefu, na mjukuu wangu akayafupisha.

"Anasema fimbo ziko sawa."

"Maneno yote yale ni hilo tu?"

Akarekebisha pini ya hijabu. "Anasema natulia vizuri, halafu ule utulivu unapita na mimi bado nimeshika. Mkono unachoka. Anauliza nangojea nini."

"Na unangojea nini?"

Akanitazama, kisha akatazama viatu vyake. "Sijui, Bibi."

Jioni ile kwenye mabunda ya nyasi niliacha kuutazama upinde nikamtazama mdomo. Akavuta. Midomo ikaanza, nami nikamfuata kimoyomoyo. Kwenye Allahu akbar, fimbo ya mbele ilikuwa imetulia kama imepigiliwa ukutani. Kwenye minka wa laka, ncha ikaanza kutikisika. Alipofika kwenye taqabbal minni mkono mzima ulikuwa unachemka, na alipomaliza kumsalia Mtume mshale ulitoka ukaenda kuchoma ukingo wa bunda. Wa pili vile vile. Wa tatu nikaona uso wake: macho yamemtoka, meno ameyauma, na bado anatamka herufi kwa herufi, mtoto wa watu, hamezi hata moja.

Nilijua. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Ongeza chuma."

Asubuhi nikampigia ndugu yangu mdogo, maalimu wa chuo kule Mombasa, kwake ni alasiri. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, kama ni habari ya jirani. Hakukawia kujua.

"Dada, hayo ni ya kuchinja siku ya Idd."

"Na si ni ya kuchinja? Kulungu naye si anachinjwa?"

"Mwindaji anataja jina la Mungu, anaachia. Bismillahi, Allahu akbar, imetosha. Unataka kulungu akae asikilize hotuba?"

"Mtoto keshayahifadhi."

"Basi ayahifadhi mpaka Idd."

"Hakuna namna hata moja ambayo mimi niko sawa?"

"Hakuna, dada," akasema, na nikasikia anacheka na mkewe kando. Nikamkatia simu.

Ungefikiri ningemwendea mtoto papo hapo. Siku ya kwanza nilisema amechoka. Siku ya pili nilisema mamake yupo, si mambo ya kusema mbele ya mamake. Siku zilizofuata sikujipa hata sababu. Sikuwa naogopa dini. Dini ilikwisha kuniruhusu. Nilikuwa naona aibu mbele ya mtoto niliyemfundisha kufunga viatu. Kila jioni nikaenda na kiti changu, nikamtazama akihangaika na fimbo zile, nikampaka dawa, nikalala.

Asubuhi ya mtihani, ndani ya gari, tumeshaingia barabara kuu, ndipo nikasema.

"Yale maneno."

"Yapi?"

"Ya upinde. Yanatosha mawili. Bismillahi, Allahu akbar, uachie. Nimemuuliza mjomba wa mamako. Mimi nilichanganya na ya Idd."

Akalipita lori moja kwanza. Alipojibu alijibu kwa Kiingereza, kama afanyavyo jambo likiwa zito kwake. Alisema alijua.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa sita. Nilimuuliza imamu wa hapa."

"Na ukanyamaza."

"Ulisema hutakula."

"Nilisema sitakula haramu."

"Ulisema nikikosa neno moja hutatia mdomoni, Bibi. Ulikuwa umenielekezea mwiko wa mbaazi."

Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyojikasirikia, maana yeye alikuwa karibu. Miezi miwili anajua dawa ya ugonjwa wake, na bado ananunua vyuma. Miezi miwili ananipa mgongo niupake, na anajua unauma kwa nini, nami nalaani mzee wa watu wa Fridley. Nikamwambia ni mjinga. Akasema sawa. Nikamwambia amerithi ukaidi na sijui ni wa nani. Hapo akanitupia jicho moja tu, akarudisha macho barabarani, mpaka tulipofika.

Palikuwa na uwanja wenye nyasi zilizokatwa, kamba, meza, na wanaume sita waliovaa nguo za rangi ya majani makavu. Msimamizi alikuwa mwanamke mwenye kofia. Mjukuu wangu akafungua buti la gari, akatoa upinde, na kwa kiufunguo chake akaanza kufungua vile vyuma alivyoviongeza. Viwili mbele. Vitatu nyuma. Akaacha vile alivyoviweka mzee wa duka na kuirudisha fimbo ya nyuma kwenye alama aliyoiweka yule mzee. Akafumba macho, akavuta, akafumbua. Sikuhitaji kuuliza kiputo kiko wapi, niliona tabasamu shavuni. Akaulegeza uzi polepole, akaenda kusimama kwenye mstari. Mimi wakaniweka nyuma ya kamba na kunionyesha kwa kidole mdomoni kwamba watazamaji wanyamaze. Mimi.

Mshale wa kwanza. Akavuta, fimbo ikatulia, midomo ikasema mawili. Kisha midomo ikaendelea. Mazoea. Ilishikwa na yale maneno yangu ikashindwa kuyaacha, na mimi niko nyuma ya kamba namwona anateleza, Allahumma, na ncha inaanza kucheza. Ukaenda nje ya duara kwa upana wa kiganja.

Minne iliyobaki sasa ilikuwa lazima iingie yote.

Aligeuka kunitazama. Sikuruhusiwa kusema, kwa hiyo nikanyanyua mkono na kuonyesha vidole viwili. Msimamizi akanitazama, na wanaume sita wakanitazama. Sikuvishusha. Nilivishika juu hivyo hivyo mpaka begani kukauma, na hapo ndipo nilipojua kushika kitu hewani ni kazi ya namna gani.

Wa pili ukaingia. Alivuta, akatamka mawili, akaachia, na fimbo ya mbele ikainama yenyewe taratibu baada ya mshale kuondoka, kama mtu anayeitikia salamu. Wa tatu ukaingia. Wa nne ukaingia karibu kabisa na wa tatu. Kwenye wa tano alivuta, akatamka, na hakuachia. Nikaona midomo imefungwa. Nikaona anapigana nayo. Akaulegeza uzi mpaka mwisho, akaushusha upinde, akapumua, akasugua kiganja kwenye suruali. Nilidhani watamzuia. Msimamizi akampa ishara aendelee. Akanyanyua tena, akavuta, na yale mawili hata mimi niliyasikia, kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi. Ukaingia.

Wakamwandikia karatasi yake. Alikuja nayo mpaka kwenye kamba, akanipa niishike, ingawa anajua siwezi kuisoma vizuri, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, akichagua maneno, kama sasa nitakula.

Nikamwambia aue kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kula. Akasimama pale pale, upinde mkononi na fimbo zake, akingoja, na nikaona hataondoka bila jibu. Basi nikamwambia nitakula. Nikamwambia hata akishikwa na woga huko msituni akalisema lile la Bismillahi peke yake, nitakula, na nitanyonya mifupa. Hilo lilinitoka kwa shida kuliko yote niliyosema mwaka ule.